Dirisha la Mkamua Barabara

Siku hizi gesi inapita mtaani kwetu ndani ya bomba la plastiki la rangi ya njano, na wajukuu zangu wanawasha jiko bila hata kulitupia jicho. Wanazungusha kitufe, moto unasimama wima, wa buluu, kimya kama mtoto aliyetoka kuonywa. Hawajui kwamba zamani moto ule ulikuwa na tabia. Uliruka, ulikohoa, uligeuka njano, ulijificha ukarudi, na siku nyingine ulizimika kabisa maharage yakiwa nusu. Ukitega sikio kwenye bomba la ukutani ulisikia kitu kikigugumia huko ndani kama mlevi anayemalizia chupa. Yalikuwa maji. Maji ndani ya bomba la gesi, nawaambia, na wao wanatazamana kana kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa.

Bibi hajaanza. Maji yale yalikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Nimeona nimwandike, maana waliomjua tumebaki wachache, na baadhi yetu kumbukumbu zenyewe zimeshaanza kuvuja.

Nilikwenda kuishi kwao nilipomaliza shule ya msingi. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza na mikono yake miwili haikutosha, basi nikapelekwa mimi na sanduku langu la bati. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu ya saruji nyekundu, na jiko lilikuwa mbele, dirisha lake likitazama barabara. Nyumba zote za mtaa ule zilijengwa hivyo. Bomba la gesi lilipita chini ya barabara, na waliojenga hawakutaka kulipia chuma cha kufika uani. Kwa hiyo ukipita mtaani unawaona wanawake wote madirishani, huyu anamenya, huyu anakoroga, na huwezi kumpita hata mmoja bila salamu. Mtu mwenye haraka alikuwa anazunguka mtaa wa nyuma.

Mtaa ulikuwa umelala kwa mteremko. Juu kabisa palikuwa na kituo kidogo cha gesi, chini kabisa palikuwa na duka la mikate la mama mmoja mnene, mwenye sauti, ambaye kila mtu alimwita Mama Mikate. Nyumba ya dada ilikuwa katikati. Jirani yetu wa upande wa chini hakuwa mtu bali ghala la mbao, refu, lenye lango pana ambalo malori yaliingilia kwa kukata kona mbele ya mlango wetu, sahani zikitetemeka kabatini.

Shemeji alikuwa mtu wa kuelezea kazi yake, hata kwa msichana wa kubeba mtoto. Aliniambia gesi ya mitaani haisukumwi kwa nguvu, inatembea polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Maji ya ardhini yana nguvu kuliko gesi hiyo. Chuma kikipasuka, kiungo kikilegea, watu wote hudhani gesi itatoka, kumbe mara nyingi ni maji yanayoingia. Yakiingia yanateremka hadi mahali pa chini, yanakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga, na gesi inashindwa kupita. Kwa ajili hiyo waliotandaza bomba walifukia chini ya mteremko pipa dogo la chuma, wenyewe wakiliita chungu, ili maji yajikusanye humo. Na chungu kikijaa lazima mtu akitoe maji. Mtu huyo ndiye yeye.

Alikuwa na mkokoteni wenye tangi, ndoo, na pampu ya mkono yenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Kulipopambazuka tu alifika kwenye kifuniko cha chuma barabarani, akakifungua kwa ndoano, akafunga pampu yake kwenye kijibomba kilichoshuka hadi chunguni, akaanza kuvuta na kusukuma, kwii-kwaa, kwii-kwaa, na maji meusi yenye harufu ya yai bovu yakaja juu. Aliendelea mpaka pampu ikohoe na harufu igeuke kuwa ya gesi tupu, ndipo akajua chungu kimekauka, akafunga. Watoto walimpa jina la Mkamua Barabara. Yeye alilipenda. Ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa alichelewa kugeuka.

Sasa kulikuwa na jambo la kitambaa, na hili ndilo linalonirudisha nyuma kila nikiona dirisha la jiko. Shemeji asingeweza kugonga kila mlango kuuliza moto ukoje. Akapatana na wanawake: mwenye moto unaocheza aanike kitambaa cha jikoni kwenye nondo za dirisha. Moto ukitulia, akitoe. Basi asubuhi alisimama juu ya mteremko, akautazama mtaa mzima chini yake, na kwa vitambaa vile akajua maji yako wapi na yamepanda kiasi gani. Vilikuwa vya kila namna, vya mistari, vya maua, vya gunia la unga vilivyopindwa kwa mkono. Wanawake walianza kushindana. Kuna mmoja alidarizi ndege kwenye chake, na shemeji alipomsifia, vitambaa vilianikwa mtaa mzima hata kwa wenye moto mzuri, ikabidi apite akiwaomba kwa unyenyekevu waache, wanamchanganya.

Dirisha la dada halikuwahi kuwa na kitambaa, na dada alijivunia. Wenzake wakilalamika kisimani kwa habari za moto, yeye alinyamaza na kutabasamu kidogo, kama mke wa mwalimu siku ya matokeo. Walimtania kwamba mumewe anampelekea gesi ya pembeni, iliyochujwa. Yeye akajibu kila mtu aolewe na fundi wake. Na shemeji jikoni kwake haingii. Dada hakutaka. Akichungulia tu aliulizwa anatafuta nini, mwanamume mzima, kwenye masufuria. Mimi nilimtania shemeji kwamba anakagua majiko ya mtaa mzima isipokuwa lake, naye akacheka, akasema lake lina mkaguzi mkali.

Moto wa jiko lile nilikuwa nauona, bila shaka. Ulikuwa unaruka. Asubuhi ulipanda na kushuka kama mtu anayevuta kamba, na dada aliinamisha sufuria kuuziba, akaupunguza, akaubembeleza. Lakini mimi nilitoka kwenye nyumba ya kuni. Nilidhani moto wa gesi ndivyo ulivyo.

Ukaja mwaka ambao chungu cha chini hakikauki. Shemeji anakikamua alfajiri, mchana kimejaa tena. Alianza kwenda mara mbili kwa siku, kisha ikawa anarudi nyumbani kula tu. Mikono ilimchanika. Moto wa Mama Mikate uliyumba, mikate ikatoka upande mmoja umeungua na upande mwingine mbichi, naye hakuwa mtu wa kuumia kimyakimya. Shemeji aliutazama mtaa kama alivyozoea. Dirisha lake mwenyewe safi. Ghala halipiki. Vitambaa vinaanzia nyumba ya kwanza baada ya ghala na kushuka. Akakata shauri kwamba ufa uko mteremkoni baada ya ghala, karibu na chungu, na akaleta watu wa majembe wachimbe mbele ya duka la mikate.

Hawakuona kitu. Bomba lilikuwa zima. Wakafukia. Baada ya muda akaomba wachimbe tena, hatua chache pembeni, wakabomoa ngazi za duka, na hawakuona kitu. Siku hiyo Mama Mikate alisimama juu ya kifusi, mikono imejaa unga hadi viwikoni, akamwambia mbele ya watu kwamba fuko naye anachimba, lakini angalau fuko hana mshahara. Watu walicheka. Dada alipoambiwa, aliteremka mtaa mzima na mtoto mgongoni kwenda kumtetea mumewe, na wale wawili hawakusalimiana kwa muda mrefu baada ya hapo.

Ndipo akaja msimamizi kutoka kampuni ya gesi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia aliyokuwa akiivua kila akiongea na mwanamke. Aliketi sebuleni kwetu, akanywa chai, na maneno yake hayakuwa na ukali, lakini yalikuwa mazito. Bomba la mtaa wetu limekuwa mzigo. Ufa ukipatikana kabla ya mvua kubwa, litatengenezwa. Usipopatikana, mvua itajaza bomba lote, na kampuni italifunga pale juu na kuliacha. Mtaa urudi kwenye mkaa.

Shemeji aliweka kikombe chini. Alikuwa amewaahidi wanawake wale, mmoja mmoja, kwenye madirisha yao, kwamba wakati yeye yupo moto hautakatika. Wengine walikuwa wameshagawa majiko yao ya mkaa kwa ahadi hiyo. Mama Mikate alikuwa amebomoa tanuri lake la kuni.

Msimamizi akasema kuna njia moja. Acha kukamua. Acha maji yapande yenyewe, na dirisha la kwanza kuanika kitambaa, kuhesabu kutoka juu, ndilo lililo karibu na ufa. Alisema shemeji anakamua vizuri mno, anayafuta maji kabla hayajasema yalikotokea. Shemeji alikataa. Akasema yeye hakuajiriwa kuuzima moto wa watu. Wakabishana, kwa adabu, mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali, lakini kwa sharti la kwenda mwenyewe nyumba hadi nyumba kuwaambia.

Nilimsindikiza jioni ile nikiwa na mtoto. Aliwaeleza wote kwamba moto utasumbua na pengine utazimika, wavumilie, na kila mmoja aanike kitambaa mara tu uanzapo kucheza, bila kuchelewa na bila kuongeza. Kwa Mama Mikate alikaa muda mrefu. Sikusikia waliyosema, ila alipotoka alikuwa ameshika mkate wa moto, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyesamehewa nusu.

Asubuhi iliyofuata hakuenda kazini. Huo ndio ulikuwa muujiza wa kwanza. Tangu nifike sikuwahi kumwona shemeji nyumbani jua likichomoza. Alitembea sebuleni, akatoka nje, akautazama mtaa, akarudi, akauliza chai. Dada akamwambia inakuja. Akatoka tena, akarudi tena. Hakuwa na pa kuiweka mikono yake. Nadhani alitaka tu kunawa, au kuomba kisu, sijui. Mradi alivuta pazia la jikoni akaingia.

Dada alikuwa ameinama juu ya jiko, amelizunguka kwa mikono kama anayekinga mshumaa na upepo. Moto ulikuwa unaruka kama umerogwa. Ulipanda njano, ukazama, ukatapika, ukapanda tena, na bomba la ukutani likigugumia kwa sauti ambayo hata kiziwi angeisikia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namlisha mtoto uji. Nilimwona shemeji akisikiliza, na uso wake ukabadilika, maana sauti ile aliijua kuliko sauti ya mama yake.

"Moto huu umeanza leo?" akauliza.

Dada hakugeuka. "Leo umezidi."

"Umeanza lini?"

"Tangu nilipoingia nyumba hii ulikuwa unacheza kidogo. Tangu malori yaanze kukata kona hapa, unacheza kila asubuhi."

Shemeji alivuta ndoo iliyokuwa mlangoni, akaigeuza, akaikalia. 

"Nimechimba kwa Mama Mikate mara mbili," akasema.

"Najua."

"Nikatukanwa."

"Nilikwenda kukutetea."

"Ulikwenda kunitetea, na kitambaa hukukianika."

Hapo dada aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imara. Dada yangu hakuwa mtu wa kulia na kusema kwa pamoja, siku ile tu. Akamwambia angeanikaje? Watu waseme fundi anawatengenezea wa nje na kwake moto umemshinda? Waliokuwa wanamheshimu waanze kumcheka kwa ajili ya dirisha la mkewe? Alikuwa anaamka kabla yake apike wakati yeye anajiandaa, akaziba, akapunguza, akamfukuza jikoni, ili mradi asione, na mtaa usione. Alisema alifikiri ni jiko lao tu lina kasoro. Hakujua kwamba mumewe anausoma mtaa mzima kuanzia dirisha hilo.

Shemeji alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, bila hasira, na maneno hayo ninayasikia mpaka leo: "Mke wangu, umeniheshimu mpaka ukanipoteza njia."

Alisimama, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa begani kwa dada. Dada akakiondoa. "Wewe si mpishi," akamwambia. "Dirisha ni langu." Akafuta uso kwa kitambaa hichohicho, akakikung'uta, akakifunga kwenye nondo za dirisha, mafundo mawili, cha bluu chenye mistari myeupe, mbele ya mtaa mzima.

Habari haikuhitaji miguu. Madirisha ya juu yalijaa vichwa, ya chini vilevile. Mteremkoni baada ya ghala vitambaa vilikuwa vinaanza kutokea kimoja kimoja, lakini cha dada kilikuwa cha kwanza, na cha juu kuliko vyote. Mama Mikate alipanda mteremko akihema, unga mikononi, akasimama mbele ya dirisha, akakitazama kile kitambaa kama mtu anayesoma tangazo.

"Kumbe mgonjwa alikuwa nyumbani kwa daktari," akasema.

"Ndiyo," dada akajibu kutoka ndani. "Na sasa usinisimamie hapo, nenda kaite watu wa majembe. Wewe unajua wanakokaa."

Mama Mikate akacheka mpaka akashika ukuta. Wakaanza kusalimiana tena siku hiyo.

Walichimba mbele ya mlango wetu, pale malori yalipokata kona. Nilisimama ukingoni nikiona kila kitu. Bomba lilikuwa limelemewa na mizigo ile, limebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, na kiungo chake kimefunguka mdomo. Pembeni yake lilipita bomba la maji ya kunywa, nalo lilikuwa na tundu, dogo, la ukubwa wa punje ya mtama, likirusha maji kama sindano moja kwa moja kwenye ule mdomo. Mchana na usiku, miaka. Maji yalijaa kwenye lile bonde la bomba, yakafurika, yakateremka mpaka chunguni, na shemeji akawa anayavuta huko chini bila kujua kwamba yanaanzia mlangoni kwake. Msimamizi alivua kofia, ingawa hapakuwa na mwanamke aliyekuwa akiongea naye. Wakaziba bomba la maji, wakanyanyua la gesi, wakaweka kiungo kipya na kokoto ngumu chini yake, na malori yakakatazwa kona ile.

Lakini msimamizi alisema mvua ndiyo itakayoamua kama hakuna ufa mwingine, na shemeji hakulala vizuri mpaka ikaja. Ilinyesha siku nzima na usiku wake, mtaa ukawa mto. Kulipokucha alitoka na mkokoteni. Mtaa mzima ulikuwa na shughuli za ghafla nje: huyu anafagia tope lisilofagilika, huyu anakung'uta mkeka uliolowa. Msimamizi alikuwa ameshafika. Mama Mikate alikuwa mlangoni pake amekunja mikono.

Shemeji alifungua kifuniko, akafunga pampu, akavuta. Yakaja maji kidogo, yasiyojaza hata ndoo, yale ya jasho la chuma tu. Akavuta tena. Pampu ikakohoa, na harufu ya gesi ikatusogelea hadi tulipokuwa tumesimama. Akafunga upesi. Alibaki amechutama pale, mkono juu ya kifuniko, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Bomba linabaki," msimamizi akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Mikate akaingia ndani kuwasha tanuri, na shemeji akageuza mkokoteni kupanda mteremko. Nilikuwa nimezoea kuusikia ukirudi ukiwa mzito, magurudumu yakiguna. Asubuhi ile ulikuwa unagongagonga, tangi tupu, kama debe linalobebwa na upepo.

Dada alikuwa bado hajabandika hata maji. Alimwona akiingia, akashtuka. "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Hakuna maji."

"Hakuna kabisa?"

"Kavu."

Dada alimtazama, kisha akaitazama ile ndoo mlangoni, akaisogeza kwa mguu mpaka karibu na jiko. Shemeji akaikalia. Dada aliwasha kiberiti, moto ukashika, ukasimama, mviringo kamili, bila hata ulimi mmoja kuyumba. Walikaa wakiutazama wote wawili, na mimi nyuma yao nimebeba mtoto. Kazi ambayo ilimtoa mtu huyu kitandani alfajiri zote nilizomjua ilikuwa imekwisha mtaani kwetu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeimaliza.

Maji yakaanza kuvuma sufuriani. Shemeji akainama mbele kidogo.

"Ungepunguza hapo," akamwambia dada. "Ndimi zinapita pembeni ya sufuria, unapoteza gesi."

Dada akageuka polepole, mwiko mkononi. "Kesho," akasema, "utafute mtaa mwingine unaovuja."

Naye akautafuta.